Nilimwaga Mkojo wa Mume Wangu

Wapo wasomaji walioniandikia kusema mimi ni mke shujaa, na mama mmoja wa Nakuru akanitumia hata salamu za kanisa lake. Nawashukuru, lakini wamekuwa na haraka. Leo nafika mahali nilipokuwa nikipakwepa tangu wiki ya kwanza, na nikishapapita sidhani kama kuna atakayeniita shujaa.

Kwa anayeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo yalikuwa hivi. Mimi ni Nabintu, mzaliwa wa Bukavu. Niliingia Kampala nikiwa msichana, mimi na baba yangu Anselme, tukikimbia vita vya kwetu. Nikasomea unesi, nikaolewa na polisi wa Kiacholi kutoka kaskazini, Faustino Onen, tukapata binti tukamwita Amito. Nyumbani tuliongea Kiswahili, maana yeye Kishi changu hakukijua, na mimi Kiacholi chake nilikijua cha kuombea chumvi tu.

Mwaka ule wa sabini na saba wanajeshi wakaanza kuwachukua watu wa kwao. Onen walimchukua kambini Jumatatu mchana, sahani ya chakula ikiwa mkononi. Siku tatu walimpiga kwa vitako vya bunduki, kisha wakamtupa porini wakidhani amekufa. Baba alimleta mjini ndani ya gari la muhogo lililokuwa likienda soko la Kalerwe, akiwa amelazwa chini ya magunia. Mkojo wake wa mwisho ulitoka mweusi kama kahawa. Baada ya hapo haukutoka tena.

Kipigo kilikuwa kimezitia figo ganzi. Ilibidi aletwe wodi ya figo, na wodi ya figo ndimo nilimokuwa nikifanya kazi. Nikamwingiza kwa jina la Kakule, mfanyabiashara wa Butembo aliyeangukiwa na mzigo wa lori. Kitambulisho baba alikiazima kwa Mkongo mwenzake. Jina la hospitali ninalificha, maana wapo waliobaki pale kazini. Siri tuliijua sisi wawili tu, mimi na baba, maana Onen hakuwahi kukanyaga kazini kwangu.

Nikamfundisha Onen kusema Kiswahili cha Kongo, aseme "minaomba" na "sawa vile". Alikisema kama polisi anayeandikisha mwizi. Nikamwambia basi afadhali anyamaze, ajifanye mgonjwa mwenye kisirani.

Sasa niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa, kwa sababu balaa lote lilianzia humo.

Mtu ambaye figo zake zimegoma tulimtoboa chini ya kitovu na kumwingiza mpira mwembamba. Chupa mbili za lita moja moja, tulizozipasha moto ndani ya ndoo, tulizimimina tumboni. Tunangoja nusu saa, tunafungulia, maji yanatoka yamebeba uchafu wa damu. Tunamimina nyingine. Mara ishirini, mchana kutwa na usiku kucha. Mwosho mmoja ulimaliza katoni nne, na katoni zilitoka Nairobi, zikifika siku zinazotaka zenyewe.

Miguuni pa kila kitanda ilining'inia karatasi ya maji. Tuliandika kilichoingia mdomoni na kilichotoka. Mizani ya kupimia wagonjwa ilikuwa mbovu, fundi wake aliondoka na Wahindi wenzake miaka mitano nyuma. Kwa hiyo daktari alitegemea karatasi ile tu. Daktari wetu, Opoka, aliisoma kabla hajamtazama mgonjwa usoni. Naye alikuwa mtu wa kaskazini, wa mwisho kubaki katika idara yetu, na kila asubuhi tulishangaa kumwona amekuja kazini.

Kanuni ilikuwa moja. Mgonjwa anakunywa kiasi cha mkojo wake wa jana na bilauri mbili juu yake, basi. Maji yakizidi yanapanda mapafuni na mtu anazama akiwa kitandani pake. Niliona wanne wakifa hivyo. Ndiyo maana kitu cha kwanza nesi wa wodi ile kufundishwa ni kuwa na roho ngumu mgonjwa anapolia kiu. Mimi nilikuwa nayo ngumu kuliko wote. Wenzangu walinitania kwa jina la Bi Kiangazi, na nilijivunia.

Basi, ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilivuta chupa ya mkojo chini ya kitanda cha Onen, nikaiona nzito.

Mililita mia saba. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, wenye povu kidogo, mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Wiki mbili na nusu nilikuwa nikimwombea Mungu hicho tu. Nilisimama katikati ya wodi na chupa ya mkojo kifuani, machozi yananitoka, hata mgonjwa mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Furaha yangu haikufika hata sinki.

Nilikumbuka maneno ya Daktari Opoka. Alikuwa ameniambia juzi yake tu kwamba huyu Kakule ni mtu wa bahati, figo za kipigo huwa zinaamka. Akifikisha lita moja na nusu, alisema, tunatoa mpira, na siku ya tatu anakwenda zake nyumbani.

Nyumbani wapi? Getini walikuwa wameketi vijana wawili wa usalama wenye miwani myeusi tangu Jumapili. Walirudi porini wakakuta mtu wao hayupo. Kila mwanamume aliyetoka hospitali alionyesha barua yake ya ruhusa na kuvua shati. Mgongo wa Onen hauhitaji barua, unajieleza wenyewe.

Wodini walikuwa hawajaingia. Maadamu alikuwa na mpira tumboni, alikuwa salama.

Mchana baba akaja na uji kama ndugu wa mgonjwa yeyote. Nikamnong'oneza habari. Hakufurahi hata kidogo. Alisema Ambroise, dereva wa lori la kahawa, amekubali kumpitisha mpakani ndani ya mzigo, lakini hawezi kabla ya Jumatano. Lori lingeingia uani kwa mlango wa jikoni kuleta kuni na kutoka na mtu wetu. Onen naye tulimweleza mpango wote.

"Ukimutosha mbele ya siku ile, binti," baba akaniambia, "bale batu batamuua." Yaani nikimtoa kabla ya siku hiyo, wale watu watamuua.

Alhamisi mpaka Jumatano ni siku sita. Nilihitaji siku sita za figo zilizolala.

Nikaingia chumba cha kumwagia uchafu, nikafunga mlango kwa kisigino, nikaumwaga ule mkojo wote. Nikafungua bomba ili isibaki hata harufu. Kisha nikaenda miguuni pa kitanda, nikaandika kwa mwandiko wangu ule ule wa kila siku: mililita mia moja.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Nimeiandika, na sasa siwezi kuifuta.

Kuidanganya karatasi hakukuwa kazi. Nusu ya manesi walikuwa wamekimbilia Kenya, na waliobaki walifurahi nikiwaambia nitashika zamu mbili. Nililala saa chache chumba cha mashuka. Saa zile nilizolala nilimwambia Onen asitumie chupa ya wodi, atumie kopo tupu la mafuta ya Kimbo nililoficha ndani ya kabati lake. Nikiamka, la kwanza ni kopo.

Ijumaa kopo na chupa vilinipa lita mbili. Nikaandika mia moja.

Ijumaa hiyo hiyo mchana, mlango wa wodi ukasukumwa na askari mwenye bunduki. Nilijua nimekwisha. Nikashika nguzo ya kitanda.

Hawakuja kumchukua mtu. Walikuja kuleta mtu. Kapteni Marjan, mkubwa mmoja wa jeshi, malaria ilikuwa imemwangusha na kumzibia figo. Alikuwa amevimba mpaka macho yamebaki mistari miwili. Vitanda vya kuoshea vilikuwa viwili tu, pale karibu na sinki, na kimoja kilikuwa cha mume wangu. Wakamlaza kwenye kile cha pili. Ukinyoosha mkono kutoka kimoja unagusa kingine.

Askari mwenye bunduki aliitwa Kamis. Alivuta kiti akaketi mlangoni.

Nikawa nafanya kazi yangu kati ya vitanda viwili, mgongo wangu kwa kapteni nikimhudumia Onen, mgongo wangu kwa Onen nikimhudumia kapteni. Onen aligeukia ukuta, lafudhi yake isisikike.

Jumamosi ugomvi wa katoni ukaanza. Stooni zilibaki nane. Daktari Opoka alisema nne za Kakule na nne za kapteni. Kamis akainuka kwenye kiti chake.

"Daktari, hii Mkongo ni kitu gani? Katoni yote peleka kwa afande."

Opoka alikwenda miguuni pa kitanda cha mume wangu, akachukua karatasi, akamwonyesha Kamis maandishi yangu, tarakimu kwa tarakimu.

"Huyu tangu jana ametoa mkojo wa kijiko. Nikimnyima mwosho, kesho kutwa ni maiti. Afande atapata nne na yeye atapata nne. Ukitaka kunipiga risasi, piga. Lakini hapa hakuna mwingine anayejua kumtoboa afande wako."

Aliyasema polepole, kwa sauti ya mtu anayeeleza dozi. Niliona mshipa wa shingo yake ukipiga. Mtu wa kaskazini anamwambia askari yule maneno yale, mwaka ule, mbele ya watu. Na karatasi aliyoishika ilikuwa uongo mtupu, na aliyeiandika nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na beseni mkononi.

"Kamis, wacha," kapteni akasema kutoka kitandani. "Fanya kama daktari anasema."

Nilipaswa kusema siku ile. Ningeweza kumfuata Opoka ofisini kwake na kumwambia, Daktari, usiweke shingo yako juu ya mwandiko wangu. Sikumfuata. Nilijiambia zimebaki siku nne.

Opoka akaamuru Kakule apewe chupa kali, zile zenye sukari nyingi zinazovuta maji mwilini, kwa kuwa karatasi ilisema maji yanaingia na hayatoki. Nikampashia mume wangu moto chupa hizo mwenyewe, nikammiminia mwenyewe. Kila nilipofungulia mpira yalitoka mengi kuliko yaliyoingia. Mpaka Jumapili alfajiri nilikuwa nimemvuta lita tatu juu ya zile alizokojoa.

Nikafurahi. Wodini kwetu maji yakitoka ni habari njema. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na sikuwa na kichwa cha kufikiri zaidi.

Jumapili akaanza kuomba maji.

Mwanzoni aliomba kwa adabu, kwa Kiswahili kile cha Kongo nilichomfundisha. Nikampa kipimo chake, bilauri mbili na robo kwa siku nzima. Akamaliza kabla ya saa nne asubuhi. Akaomba tena. Nikamwambia yameisha, angoje kesho.

"Mama Amito," akaninong'oneza, "nakufa na kiu."

Nikamwambia hakuna aliyekufa kwa kiu katika wodi hii, wanaokufa ni wanaokunywa. Nilikuwa nimesema maneno hayo kwa wagonjwa mia moja. Nikamlowanisha midomo kwa pamba, kama tunavyofanya, nikaenda zangu. Na jioni nikamwaga mkojo wake, lita tatu na nusu, na nikaandika mililita mia.

Mmeshaliona kosa langu ninyi mliokaa hapo na gazeti lenu. Mtu anatoa lita tatu na nusu na kuvutwa nyingine, halafu anakunywa bilauri mbili. Mtoto wa darasa la tatu angejua. Mimi nesi wa miaka minane sikujua, kwa sababu miaka yote minane niliwaona watu wakizama, hata mmoja sikumwona akikauka. Kiu kwangu haikuwa dalili. Ilikuwa tabia mbaya ya wagonjwa.

Jumapili hiyo hiyo saa za wageni nilimkuta amejiburura mpaka sakafuni, mpira unaning'inia, kichwa chake kimeingia ndani ya ndoo ya kupashia chupa. Anakunywa yale maji ya vuguvugu, anakoroma. Nilimvuta kwa shati. Akang'ang'ania ndoo. Nikampiga vidole, wasomaji wangu. Nilimpiga vidole kwa ile koleo ya kutolea chupa, mpaka akaachia.

Aliniangalia. Tangu saa ile hakuniomba maji tena.

Kapteni Marjan alikuwa macho. Alikuwa amegeuza kichwa upande wetu, na yale macho yake ya mistari yalikuwa yanatazama.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Onen anaongea peke yake. Ulimi wake ulikuwa umekauka mpaka una mipasuko, macho yamezama, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Alikuwa anatapatapa na shuka, anasema na watu ambao sisi hatukuwaona. Na alikuwa anasema Kiacholi.

Nilimziba mdomo kwa kiganja, nikajifanya nampima joto. Midomo yake iliendelea kucheza chini ya kiganja changu. Neno moja nililijua, ni katika yale machache niliyoyajua. Pii. Maji. Pii, pii, pii.

Kamis alikuwa mlangoni anasafisha kucha na njiti ya kiberiti. Nikasema kwa sauti, bila kuulizwa, kwamba Wakongo wakipandwa na homa husema lugha za porini kwao. Kamis akacheka, akaendelea na kucha zake.

Daktari Opoka akaja. Akasoma karatasi, kama kawaida yake. Kisha akamtazama mgonjwa, na akarudi kwenye karatasi. Akafanya hivyo mara mbili. Akamfinya ngozi, akamfungua mdomo. Na alisikia, hakuna namna hakusikia, yale maneno. Yalikuwa ya kwao. Uso wake haukuonyesha chochote, ila kalamu ilisimama hewani.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi, Daktari."

"Yote?"

"Yote."

Akasema ataipeleka damu maabara, majibu saa tisa. Halafu, akiwa anakunja mpira wa kupimia presha, akasema kama anayejisemea: "Kama mtu huyu angekuwa anakojoa, Sista, ningesema tunamuua kwa kiu. Lakini hakojoi. Basi sielewi."

Ndipo nilipoelewa mimi.

Sijui niwaelezeje. Siku nne nilikuwa nikimficha mume wangu asiuawe, na aliyekuwa anamuua ni mimi, kwa kalamu, kwa bilauri, kwa koleo. Mdomo ulifunguka kusema. Nikamwona Kamis ameacha kucha zake, ameegemea nguzo, anasikiliza. Nikiungama, mgonjwa ni mzima, mpira unatoka, njia ni ya getini. Na Opoka atakuwa ndiye aliyemnyima afande katoni nne kwa karatasi ya uongo, naye akiwa mtu wa kaskazini. Hawangeuliza ni nani aliyeandika.

Nikafunga mdomo. Opoka akaondoka na chupa yake ya damu.

Nilijiambia sihitaji ruhusa ya mtu kumpa mume wangu maji. Nitamnywesha mwenyewe, jagi baada ya jagi, na majibu yatakapokuja saa tisa atakuwa ameshapata nafuu. Kamis tu ndiye aliyekuwa kikwazo. Nikangoja. Kila dakika Onen alizidi kunyong'onyea, yale maneno yake yakawa mapovu.

Saa saba kasoro robo, kapteni akamwita Kamis kitandani, akamtuma sigara. Sigara, na mtu yule hakuwa na pumzi hata ya kupuliza kiberiti. Sikujiuliza. Nilishukuru Mungu. Nikakimbia bombani, nikajaza jagi mpaka juu, nikatia chumvi kidogo na sukari, nikachukua kikombe.

Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamwinua kichwa, nikamwekea kikombe mdomoni.

Akageuza uso.

Nikamwambia, Baba Amito, ni maji, kunywa, nakuomba. Akafumba midomo ile iliyopasuka. Nikajaribu kumbana pua kama mtoto. Akarusha mkono, maji yakamwagika shingoni pake, na hata hapo hakufungua mdomo. Akili yake haikuwepo, lakini mkono wangu aliujua. Alijua mkono huu hauleti maji. Nikaanza kulia.

"Mama Amito," sauti ikasema nyuma yangu.

Hakuna mtu pale wodini aliyeniita kwa jina la mtoto wangu. Niliitwa Sista, niliitwa Nabintu, niliitwa Bi Kiangazi. Sikugeuka.

"Mimi nilikaa Gulu miaka sita," Kapteni Marjan akasema. Alikuwa anavuta pumzi kati ya neno na neno. "Kiacholi nasikia yote. Bwana yako tangu jana analia. Anasema bibi yake nanyima yeye maji. Anasema bibi yake napiga yeye kwa chuma."

Nilitaka kusema si bwana yangu. Nilitaka kusema ni Mkongo, ni Kakule, ni mtu wa Butembo. Kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa: "Sikujua, afande. Wallahi sikujua." Mimi Mkatoliki naapa wallahi.

"Mkojo yake ni mingi," akasema. "Mimi naona wewe nabeba. Karatasi nasema hakuna. Katoni ine ilikuwa ya mimi."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema kama mtu aliyehesabu usiku kucha na kupata jibu. Halafu akanyoosha mkono wake uliovimba, vidole vimekuwa vinene hadi pete imezama, kuvuka ile nafasi ya kati ya vitanda.

"Leta kikombe."

Nilimpa. Ningefanya nini? Nilimpa, nikamwinua Onen kichwa, na kapteni akamsemesha. Alimsemesha Kiacholi, kwa sauti ya chini, ya upole kabisa, kama baba anayembembeleza mwanawe mgonjwa. Macho ya Onen yakafunguka. Midomo ikafunguka. Akanywa kwenye mkono wa mtu yule kikombe kizima bila kupumua, na maji yakashuka kooni pake nikiyasikia.

Kapteni akanigeuzia kikombe kitupu. Nikajaza. Onen akanywa tena. Nikajaza cha tatu. Nilikuwa ninamshukuru Mungu, na ninamshukuru hata Marjan, nawaambia ukweli. Uhai ulikuwa unamrudia mume wangu mbele ya macho yangu.

Kikombe cha tatu kapteni hakumpa chote. Alimpa funda moja, akakirudisha nyuma kidogo, akamuuliza jambo. Onen akamjibu. Akampa funda lingine. Akamuuliza tena, kwa upole ule ule, na Onen, aliyevumilia siku tatu za vitako vya bunduki bila kusema kitu, akamjibu kwa shukrani, haraka haraka, ili kikombe kirudi.

Nilishasema Kiacholi changu ni cha kuombea chumvi. Sikuelewa walichosema. Lakini majina hayana lugha. Nilimsikia mume wangu akitamka Anselme. Funda. Akatamka Kalerwe. Funda. Akatamka Ambroise.

Kikombe kikaisha. Onen akalia kwa sauti ndogo, akifungua na kufunga mdomo, maana kiu ya siku nne haiishi kwa vikombe vitatu.

Kapteni Marjan akanigeukia. Akaninyooshea kikombe.

"Ongeza," akasema.

Jagi lilikuwa mkononi mwangu, na lilikuwa na maji zaidi ya nusu.